Ndege nyuki juu ya Bonde la Msimbazi: kupeleleza mafuriko kabla ya mvua

Masika yanapokaza, Barabara ya Morogoro hufungwa mara kwa mara pale Jangwani, na jiji la Dar es Salaam hukatika vipande viwili. Aliyeko Magomeni hawezi kufika Kariakoo kwa njia yake ya kila siku, mabasi ya mwendokasi husimama, na karakana yao, iliyojengwa humo humo bondeni, imewahi kuingiwa na maji. Mto unaosababisha hayo si mkubwa. Msimbazi huanzia katika vilima vya Pugu, hutiririka takribani kilomita 35, hupokea vijito vya Ubungo, Sinza na Luhanga, kisha humwaga maji yake baharini karibu na Daraja la Selander. Wakati wa kiangazi mtu huuvuka bila hata kuutazama. Hatari yake haitokani na ukubwa wake, bali na kasi ya maji yanayoshuka kutoka kwenye mapaa, lami na viwanja vilivyosakafiwa, na pia na wingi wa watu wanaoishi pale ambapo maji hayo yanapaswa kutandaa.

Kisa kinachochambuliwa hapa ni matumizi ya droni, au ndege nyuki kama wengi wanavyoziita, katika kulipeleleza bonde hilo na kata zinazolizunguka. Kazi hiyo ilianza mwaka 2015 chini ya mradi uliojulikana kama Ramani Huria. Nimekichagua kwa sababu kinapingana na picha ambayo wengi wetu tunayo kuhusu droni wakati wa maafa, yaani chombo kinachopaa juu ya maji kumtafuta mtu aliyekwama juu ya paa. Kazi hiyo ipo na nitaizungumzia, lakini manufaa makubwa ya droni katika Bonde la Msimbazi yalipatikana wakati hakuna aliyekuwa na haraka, jua likiwaka na mitaro ikiwa mikavu.

Ili kuelewa kwa nini, inafaa kurejea Desemba 2011. Siku chache tu baada ya Tanzania Bara kuadhimisha miaka 50 ya uhuru, mvua kubwa iliikumba Dar es Salaam. Zaidi ya watu 40 walifariki, maelfu walipoteza makazi, na baadhi ya wakazi wa mabondeni walihamishiwa Mabwepande, nje kabisa ya mazingira waliyozoea na mbali na shughuli zao za kujipatia riziki. Uokoaji ulifanyika, tena kwa ujasiri mkubwa wa majirani wenyewe, lakini kwa aliyetaka kupanga msaada kulikuwa na tatizo moja la msingi: sehemu kubwa ya makazi yaliyozama ilikuwa imejengwa bila mpango, na ramani rasmi za jiji zilikuwa nyuma sana ya ujenzi huo. Katika kata kama Tandale na Manzese, msaidizi anayetoka nje hawezi kujua ni kichochoro gani kinatokea barabarani na kipi kinaishia kwenye ukuta. Hawezi kujua ni nyumba ngapi ziko chini ya usawa wa mtaro, wala kalavati ipi ikiziba ndiyo inayorudisha maji kwenye vyumba vya watu. Mjumbe wa shina anayajua yote hayo. Maarifa hayo, hata hivyo, yalikuwa kichwani mwake tu, na siku ya mafuriko huenda naye yuko juu ya paa akisubiri kuokolewa.

Ramani Huria iliwakutanisha Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), Benki ya Dunia, Chama cha Msalaba Mwekundu, Chuo Kikuu Ardhi, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wachoraji wa hiari wa ramani huria ya dunia, OpenStreetMap. Miongoni mwa ndege zilizotumika ilikuwa eBee, iliyotengenezwa na kampuni ya Uswisi ya senseFly: bawa la povu lenye upana unaokaribia mita moja na uzito wa takribani gramu 700, ambalo hurushwa kwa mkono, hufuata mistari iliyopangwa kwenye kompyuta, hupiga picha zake na kurudi kutua kwa tumbo. Uchaguzi wa ndege yenye mabawa badala ya droni ndogo ya mapanga manne ulikuwa na maana. Droni ya mapanga inaweza kusimama mahali pamoja angani na kutua penye nafasi finyu, lakini nguvu nyingi ya betri yake huishia katika kujishikilia hewani. Ndege yenye mabawa haiwezi kusimama na huhitaji uwanja wa kutulia, ila kwa muda usiofika saa moja hufagia eneo ambalo droni ya mapanga ingelihitaji betri nyingi kulimaliza. Katika kata zilizobanana, uwanja huo kwa kawaida ni wa shule au wa mpira, na hivyo haiwezekani kuirusha ndege bila mtaa mzima kujua, jambo ambalo baadaye lilikuwa na umuhimu wake.

Picha zinazopigwa hupishana kwa makusudi, kila moja ikirudia sehemu kubwa ya iliyotangulia na ya zile za mstari wa jirani, ili kompyuta iweze kukitambua kitu kimoja kutoka pembe mbalimbali na kukokotoa mahali kilipo na kimo chake. Kazi hiyo hutoa vitu viwili: picha moja kubwa iliyonyooshwa, ambayo umbali unaweza kupimwa juu yake kama kwenye ramani, na sura ya miinuko ya eneo lote. Katika picha za namna hii kila nukta huwakilisha takribani sentimita 5 za ardhi. Tarakimu hiyo inaweza kuonekana kama majivuno ya mafundi, lakini umuhimu wake unaonekana mtu akifikiria mtaro wa uswahilini, ambao mara nyingi upana wake ni nusu mita au pungufu. Katika picha ya setilaiti ambayo kila nukta yake ni sentimita 50, mtaro huo ni nukta moja, nayo imechanganyika na kivuli cha ukuta, kwa hiyo hauonekani. Katika picha ya sentimita 5 una nukta kumi za upana, na mtazamaji anaweza kuufuata kutoka nyumba hadi nyumba mpaka unapopotea chini ya kibanda kilichojengwa juu yake. Isitoshe, kamera ya kawaida ya setilaiti haioni chini ya mawingu, na miezi ya masika ndiyo miezi ya mawingu. Droni hupita chini yake.

Uwezo wa ndege unaishia hapo, na ndipo sehemu ya kisa hiki inayopuuzwa zaidi inapoanza. Picha ya juu haina kina cha mtaro. Haisemi kama kalavati imejaa mchanga na chupa za plastiki, haisemi kama maji ya chooni yameelekezwa humo, wala haisemi kama mtaro uliosakafiwa vizuri upande huu unaishia kwenye ukuta wa mtu upande ule. Hata sura ya miinuko, ambayo ndiyo msingi wa kukadiria maji yatakwenda wapi, ina udhaifu wake, kwa kuwa kompyuta hukokotoa kimo cha kile inachokiona. Penye nyumba huona bati na penye mwembe huona majani. Mahali penye nafasi, mapaa na miti huweza kuchujwa na ardhi ikakisiwa kutokana na sehemu zilizo wazi. Mahali ambapo mabati yanakaribia kugusana na ardhi inaonekana kwa vipande vidogo vidogo, makisio hayo huyumba, na katika bonde tambarare kama la Jangwani kosa la nusu mita hutosha kuihamisha nyumba kutoka kundi la zinazozama kwenda kundi la zilizo salama. Ndiyo maana alama za ardhini zilizopimwa kwa vipokezi sahihi vya setilaiti, mahali zilipo na kimo chake juu ya usawa wa bahari, si nyongeza ya hiari. Anayerusha droni bila alama hizo atapata picha nzuri ya kutundika ofisini, lakini asiitumie kuchora mstari wa mafuriko.

Pengo hilo lilizibwa kwa miguu. Wanafunzi wa vyuo na wakazi wa kata husika walitembea wakiwa na picha na simu, wakaandika upana na kina cha mitaro, vifaa iliyojengewa, na kama imeziba au la. Waliingiza majengo kwenye ramani, waliongeza majina ya mitaa, shule, zahanati, misikiti na makanisa. Waliwauliza pia wakazi wa siku nyingi maji yalifika wapi katika mafuriko yaliyopita. Maswali haya ya mwisho yana thamani ambayo hakuna kamera iwezayo kuifikia, kwa sababu mkazi hajibu kwa mita. Anaonyesha alama ya tope ukutani, au anasema maji yalimfika kiunoni akiwa mlangoni, na kiuno cha mtu mzima kinapimika kwa futikamba. Wafadhili hupenda picha ya ndege ikirushwa angani huku watoto wakishangilia. Ni nadra kuona ripoti yenye picha ya kijana aliyeinama mtaroni akipima kina. Kwa maoni yangu kijana huyo ndiye aliyeifanya kazi ya droni iwe na maana. Taarifa hizi zilipounganishwa katika programu kama InaSAFE, iliwezekana kuuliza swali ambalo kamati ya maafa inalihitaji kweli: maji yakifika mstari huu, ni majengo mangapi yatazama, watu wanaokisiwa kuwamo ni wangapi, na ni shule ipi iliyobaki pakavu inayoweza kuwapokea.

Suala la imani ya wakazi kwa mradi linastahili kuzungumzwa kwa kirefu. Kuanzia Desemba 2015, mwaka uleule ambao upigaji picha ulianza, serikali iliendesha bomoabomoa katika Bonde la Msimbazi. Nyumba ziliwekwa alama ya X kwa rangi nyekundu na mamia zikabomolewa kwa hoja ya usalama na ya hifadhi ya mazingira. Sihusishi picha za mradi na ubomoaji huo, na wala hapakuhitajika uhusiano wowote ili mkazi ashtuke. Mtu ambaye ukuta wake umewekwa X, au wa jirani yake, akiona chombo kinapita juu ya paa lake kikinguruma, hataanza kwa kuwaza mitaro. Atawaza kwamba nyumba yake inahesabiwa. Tena hatakuwa amekosea sana, kwa kuwa picha inayoonyesha nani yuko hatarini ndiyo hiyo hiyo inayoonyesha nani yuko ndani ya mita zilizokatazwa kujengwa kando ya mto. Kwa hiyo swali la nani anamiliki picha, nani anaruhusiwa kuziona na kwa kazi gani, ni sehemu ya upelelezi wenyewe. Ramani Huria ilichagua njia ya uwazi: ramani zilizochorwa ziliwekwa hadharani, mtu yeyote aweze kuzitumia. Uwazi huo una faida kubwa, kwa sababu mwenyekiti wa mtaa hapaswi kuomba kibali ili aione kata yake mwenyewe. Lakini uwazi si sawa na ridhaa. Katika nyumba zetu nyingi bafu la uani halina paa. Kwa nukta ya sentimita 5 mtu ni doa tu, ila droni ndogo ya mapanga inayorushwa chini chini ikirekodi video ni jambo jingine kabisa, na anayeirusha bila kupita kwa serikali ya mtaa na kutangaza siku na saa anajitafutia mawe.

Sasa tuje kwenye saa ya maji yenyewe. Droni ndogo ya mapanga, ambayo ndiyo aina inayoweza kununuliwa na kata, kikosi cha uokoaji au hata kikundi cha vijana, ina mipaka ambayo matangazo ya biashara huyasema kwa herufi ndogo. Betri moja hukaa takribani nusu saa, tena katika hali nzuri. Aina nyingi za bei nafuu hazikutengenezwa kuhimili mvua, na upepo wa mita 10 kwa sekunde tayari ni mzigo mzito kwazo. Usiku, bila kamera ya joto, hazioni kitu cha maana. Hii ina maana kwamba wakati mvua inanyesha kwa nguvu, ambao ndio wakati maji yanapanda, droni inakaa ndani ya mkoba wake. Nafasi yake ni pale mvua inapopungua na mto ukiwa bado unapanda kwa maji yanayoshuka kutoka Pugu na Ubungo. Katika muda huo mfupi kuna mambo matatu ya kutazama: kivuko kipi bado kinapitika, ni wapi maji yanajikusanya nyuma ya kalavati au daraja lililoziba, na ni watu gani wako mahali ambapo hawawezi kutoka wenyewe. Kila moja kati ya hayo ni lazima liwe na mtu anayelisubiri. Video ya kuvutia inayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp bila kumfikia mwenye boti, au inayomfikia bila jina la mtaa, haimwokoi mtu. Hapo ramani ya kiangazi inarudi kuwa na kazi, kwa sababu inampa mrushaji na muokoaji majina yaleyale ya mahali palepale, na kwa kuwa imekwisha kuchapishwa kwenye karatasi, inaendelea kutumika hata umeme na mtandao vikikatika.

Msumbiji ilionyesha upande huu kwa ukubwa wa kutisha. Kimbunga Idai kilipoipiga Beira usiku wa kuamkia tarehe 15 Machi 2019, mito Pungwe na Buzi ilifurika, barabara zilikatika na mawasiliano yakapotea. Taasisi ya nchi hiyo ya kusimamia maafa, INGC, ilikuwa imekwisha kupata mafunzo ya kurusha droni kwa ushirikiano na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, na ilizitumia kukagua uharibifu wa makazi. Lakini waliokuwa kwenye miti na mapaa walichukuliwa kwa helikopta na boti. Hili si kasoro ya droni, ni mgawanyo wa kazi, na lina masharti yake: helikopta inapoingia katika anga, droni yoyote ambayo haiko chini ya uratibu wa uokoaji lazima itue mara moja, kwa kuwa kachombo kasikofika kilo moja kanaweza kuiangusha ndege iliyobeba watu. Kijana mwenye nia njema anayerusha droni yake kutafuta ndugu bila kuwasiliana na yeyote anaweza kusababisha helikopta ikatae kushuka.

Kwa Bonde la Msimbazi kuna ugumu wa ziada ambao mtu aliyezoea kurushia ufukweni hawezi kuuhisi. Vingunguti na Kiwalani ziko jirani kabisa na Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere. Tanzania inataka droni isajiliwe na kuwa na kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA), na Wizara ya Ulinzi nayo ihusike. Karibu na uwanja wa ndege, mawasiliano na waongozaji wa ndege hayakwepeki. Vibali hivyo haviombwi asubuhi ya mafuriko. Kata au wilaya inayodhani imejiandaa kwa sababu imenunua droni, huku mrushaji wake hana leseni hai na ofisi haina utaratibu uliokubaliwa na TCAA wa kurusha wakati wa dharura, imenunua kifaa cha kupigia picha za harusi. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa kuanzia ngazi ya taifa hadi kijiji na mtaa, na nionavyo mimi, ngazi ya wilaya ndiyo inayofaa kushika kibali na mrushaji, ilhali mtaa ushike orodha ya mahali pa kutazamwa. Mtaa una maarifa lakini hauna uwezo wa kutunza betri na leseni. Mkoa una uwezo lakini haujui kalavati ipi huziba kwanza.

Zanzibar ilichukua njia yake mwaka 2016, Kamisheni ya Ardhi ilipoanza kazi ya kuzipiga picha Unguja na Pemba kwa droni, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) wakishiriki. Kinachostahili kuigwa huko ni kwamba urushaji ulihusishwa na taasisi ya kudumu ya serikali inayohitaji picha hizo kila siku kwa shughuli nyingine za ardhi. Kwa namna hiyo ujuzi hauishi siku mfadhili anapoondoka, na warushaji hawasahau kazi kati ya janga moja na jingine.

Suala la kudumu ndilo linaloelemea Msimbazi kwa sasa. Picha ya bonde huanza kuzeeka siku ile ile inapopigwa, na hapa inazeeka upesi, kwa kuwa kila mvua huhamisha mchanga, kingo hubomoka, mto hubadili mkondo na watu hujaza kifusi ili wapate kiwanja. Aidha, mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya mradi wa kuliendeleza bonde hilo, ambao pamoja na mambo mengine unahusu kulipa fidia na kuwahamisha wakazi walio katika hatari zaidi, kuuchimba na kuupanua mto katika sehemu ya chini, na kujenga daraja la juu zaidi pale Jangwani. Kazi hizo zinabadilisha vimo vyenyewe vya ardhi. Sura ya miinuko iliyopatikana kabla ya ujenzi haielezi tena mahali maji yatakapokwenda, na nyumba zilizokuwa nje ya mstari wa hatari huko Kigogo, Hananasif au Mchikichini zinaweza kujikuta ndani, au kinyume chake, kutegemea tuta limewekwa upande gani na mtaro mpya umeelekezwa wapi. Kwa hiyo kurusha upya kunapaswa kuwekwa katika kalenda mara mbili: kati ya Januari na Februari, kabla ya masika, na tena Septemba, kabla ya vuli. Vianze vivuko na makutano ya vijito, pamoja na maeneo yaliyochimbwa au kujazwa tangu picha iliyopita, na alama za ardhini zipimwe upya kila ujenzi unapozing'oa. Katika wiki zile zile vijana wa kata washuke tena mitaroni na futikamba zao.